Fundi Anajibu: Bloki ya injini ya gari la zamani, tupige rangi gani?

Mwezi huu barua nyingi zimekuja na swali moja, rangi ya injini. Nafurahi kwa kweli, maana miaka ya nyuma mtu akifufua gari la zamani alikuwa anahangaika na bodi tu, ukifungua boneti unakuta uchafu wa enzi na enzi. Nimechagua barua nne, ya kwanza nimeijibu kwa urefu kwasababu imebeba karibu kila kitu ambacho wengine mmeuliza.

Fundi shikamoo. Marehemu mzee wetu alituachia Landrover 109 Series III ya petroli, ile injini ya lita 2.25, imekaa uani chini ya mwembe miaka mingi, sasa mimi na mdogo wangu tumeamua kuifufua. Bloki, lile pande kubwa la chuma lenye silinda, ilikwenda kuchongwa imerudi chuma kitupu haina hata alama ya rangi, iko gereji juu ya tairi na naona imeanza kushika kutu. Fundi wetu anasema tununue silva ya spray ile ya eksozi kwasababu inahimili nyuzi 600, mdogo wangu anataka nyekundu ili ipendeze ukifungua boneti, mimi nataka irudi kama ilivyokuwa mzee alipoinunua ila sijui ilikuwa rangi gani. Tusaidie. – Msomaji, Tanga

Marahaba mwanangu, na poleni na mzee. Mmefanya jambo jema kutoliuza gari kwa wakata vyuma.

Nianze na hiyo silva maana ndo kosa ninalokutana nalo mara nyingi kuliko yote. Ile namba 600 kwenye kopo inawavuta watu, mtu anaona kama inahimili 600 basi kwenye bloki itadumu milele. Sio hivyo. Rangi za namna ile zimetengenezwa kwa silikoni, na ili ziive kabisa zinataka joto la nyuzi 200 hivi, eksozi inalipata joto hilo dakika chache tu baada ya kuwasha gari kwahiyo huko inaiva vizuri na inakaa. Lakini bloki yako haifiki huko hata siku moja, maji ya injini iliyo nzima yanacheza kwenye nyuzi 80 mpaka 95 na chuma cha nje kinafuata hapohapo karibu, ikivuka sana ujue gari limechemsha na una tatizo kubwa kuliko rangi. Matokeo yake rangi inabaki mbichi miaka na miaka, ukipitisha kidole unaondoka na unga wa silva, na siku kabureta ikivuja petroli inateremka na rangi yote inakuachia mstari mpaka kwenye chuma. Kwahiyo mwambie fundi wako kwa heshima, silva yake ni nzuri, aiweke pembeni tutaitumia kwenye manifodi ya eksozi, lile bomba linalopokea moshi kutoka kwenye injini.

Mnachotaka nyie ni rangi ya injini hasa, enameli ya injini, makopo yake mengi yameandikwa nyuzi 260 mpaka 290 hivi. Namba ndogo kuliko ile ya silva lakini inatosha na kubaki, na inaiva kwa hewa yenyewe ndani ya siku 7, ikishaiva oili na petroli ya kudondoka haiiondoi ukiifuta mapema. Kitu kimoja tu inachokiogopa ni brek fluidi, hiyo inavua karibu rangi yoyote, msiimwage. Na ile rangi ya mafuta ya milango na mageti msiipige, itang'aa mwezi wa kwanza halafu itakuwa njano na kukakamaa na kubanduka magamba magamba kila panapopata oili ya moto.

Haya, kuhusu rangi gani. Mdogo wako namuelewa, nyekundu haidhuru injini kwa lolote, chuma hakijui rangi. Ila mi nipo upande wako. Gari la mzee lina historia yake na injini ni sehemu ya historia hiyo, ukishapiga nyekundu umefuta kitu ambacho hakirudi. Rangi ya zamani mtaipata tu, bloki ilitumbukizwa kwenye dawa huko walikochonga ndo maana imerudi tupu, lakini kuna vipande havikwenda huko. Chukueni kava ya taimingi, vile vikono vinavyoshika altaneta, mikono ya engine maunti, sampu, hauzingi ya flaiwili. Msivisafishe kwanza! Lowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, toa grisi taratibu, halafu angalia pale ambapo kipande kimoja kilikuwa kimekalia kingine, chini ya washa ya bolti, nyuma ya starter, hapo jua na moto havikufika kwahiyo rangi imebaki na sura yake. Mkiona kaduara kasafi chini ya washa hata kama ukubwa wa shilingi ndo mmepata. Bebeni kipande hicho chenyewe mpaka kwa wachanganyaji wa rangi, mtoke nacho nje juani mlinganishe kwa macho, msipige picha na simu mkatuma maana simu inabadilisha rangi, kijani inaweza kutokea bluu na fundi wa kuchanganya akafuata picha. Na mwambieni anayechanganya kwamba ni ya injini, akitumia enameli ya bodi ya kawaida mtarudi palepale.

Sasa matayarisho, na hapa naomba mnisikilize kuliko kote kwasababu rangi ya injini haibanduki kwa ubovu wa kopo, mara nyingi inabanduka kwa kilichobaki chini yake. Chuma cha kumwaga, yaani kilichoyeyushwa kikamwagwa kwenye kalibu, kina vitundu vidogo sana, kimenyonya oili miaka 40, hata kikitoka kwenye dawa kinaonekana kikavu lakini ukikiacha juani saa mbili tatu unaona kinatoa jasho la oili. Mimi niliwahi kupiga bloki ya Peugeot 404 ikiwa imekauka kabisa machoni, nikaridhika, ilipowashwa siku ya tatu rangi ikainuka malengelenge ubavuni pote karibu na silinda ya nne, nikaivua yote na mwenye gari akasubiri wiki nzima zaidi. Tangu siku hiyo sipulizi bila kupasha. Osheni kwa digrisa, sugueni kwa brashi ya waya mpaka kwenye pembe zote, rudieni kwa maji ya moto na sabuni ya unga, pulizeni hewa ya kompresa mpaka kwenye matundu ya bolti, halafu ipasheni, juani au kwa hita, jasho likitoka futeni kwa tina na kitambaa cheupe, mpashe tena, mfute tena. Kitambaa kikitoka cheupe ndo mko tayari. Kuanzia hapo hakuna kugusa kwa mkono mtupu, vaeni glavu, alama ya kidole inaonekana chini ya rangi.

Nyie mko Tanga na hewa ya bahari, chuma kikishaoshwa kinaanza kutu siku hiyohiyo, kwahiyo msioshe jioni mkasema tutapaka kesho. Osheni asubuhi mpake mchana. Hiyo kutu iliyoanza sugueni kwa brashi, iliyoingia ndani ipakeni dawa ya kutu ile yenye asidi ya fosforiki, mfuate maelezo ya kopo, msiiache ikatiririka kwenye silinda. Na silinda zenyewe zilizochongwa, mara tu maji yakitoka zipakeni oili nyepesi kwa kitambaa safi, zote nne, maana kutu ya usiku mmoja ndani ya silinda mpya inauma roho. Juu yake funikeni kwa karatasi na tepu, uso wote wa hedi, matundu ya maji, ya oili, ya bolti, sehemu za gaskiti. Msikubali mtu awashawishi kupiga mchanga, nimeshaona injini iliyopigwa mchanga ili rangi ishike, punje zikabaki kwenye njia za oili na beringi za kranki zikaliwa kabla injini haijamaliza mwezi, pesa yote ya kuchonga ikaenda na maji.

Kabla hamjafunika, badilisheni vile vizibo vya bati vya ubavuni vinavyozuia maji. Vya zamani vimeliwa kwa ndani na vikija kuvuja baadae mtaharibu rangi mkivitoa.

Jambo lingine, namba ya injini. Kwenye hizo 2.25 ipo mbele upande wa kushoto wa bloki karibu na panapokaa manifodi ya eksozi, imegongwa kwenye kijisehemu kilichosawazishwa. Watu wanapitisha grainda hapo pang'ae, wengine wanajaza rangi mpaka namba haisomeki, halafu siku ya ukaguzi au ya kubadilisha umiliki namba ya kwenye kadi ya gari haionekani kwenye injini na unaonekana mwizi kwenye gari la baba yako. Bandikeni tepu hapo wakati wa kupiga, mwishoni toeni mpake koti moja jepesi sana au oili tu. Ipigeni na picha, na muilinganishe na kadi leo, sio siku ya ukaguzi.

Na waya wa ethi, ule wa betri unaofungwa kwenye chuma. Pale unapofungwa kwenye injini pabaki chuma kitupu, na sehemu ya kukalia starter vilevile, kwasababu umeme wote wa starter unarudi kupitia hapo. Injini mpya iliyopigwa rangi kila mahali unawasha inanguruma kwa uvivu, taa zinafifia, watu wanabadilisha betri, wanabadilisha starter, kumbe ni rangi chini ya nati. Hata kile kidude cha geji ya joto kinapata ethi kupitia nyuzi zake za kukaza kwahiyo tundu lake lifunikeni.

Kupiga kwenyewe hakuna mambo mengi. Kama mnatumia makopo ya spray chukueni matatu, mawili yatafanya kazi na la tatu la pembe na vipande vidogo. Koti la kwanza liwe la vumbi tu, chuma kionekane chini, subirini dakika 10, la pili, la tatu, hapo imetosha. Rangi nene haifai, inabanduka kwa vipande na inaficha ufa, na mimi kwenye injini nataka kuona kila kitu. Angalieni saa! Enameli nyingi za injini zinataka koti zote ziishe ndani ya saa moja, ikipita hapo msiguse mpaka siku 7 ziishe, ukirudia kesho yake tina ya koti jipya inaingia chini ya la zamani na rangi yote inakunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyochemka. Msipige siku ya mvua wala usiku wa unyevu, rangi inapata ukungu mweupe. Na kama hamna kompresa wala spray, brashi nzuri inatosha kabisa, chuma cha kumwaga kina mikwaruzo yake kwahiyo alama za brashi hazionekani, mi injini kadhaa nimezipaka kwa brashi ya nchi moja na mwenye gari hakujua.

Ikiiva fungeni injini, mara ya kwanza mkiwasha itatoa harufu na moshi kidogo, msishtuke.

Habari fundi. Niko Nakuru, nina Peugeot 504 ya 1979. Rangi ya bodi imebaki, ile ya kuchanganya na hadna (dawa ya kuigandisha), naweza kupiga nayo bloki na silinda hedi? Natamani siku moja niipeleke maonyesho ya Ngong. – Mwenye Peugeot, Nakuru

Njema ndugu yangu. 504 naipenda sana, gari lililoshinda Safari Rally mwaka 1975 na Ove Andersson halafu 1978 tena na Jean-Pierre Nicolas, linastahili heshima hiyo unayotaka kulipa.

Kwenye bloki inawezekana, rangi ya hadna ni ngumu na joto la bloki inalimudu, juu ya praima ya epoksi inakaa miaka. Lakini mapafu yako ndo yananitia wasiwasi, hadna ile ina isosaineti, kitu kinacholeta pumu ya kazini na mtu akishapata hata harufu ndogo baadae inambana kifua. Kitambaa na barakoa ya hospitali hazizuii kitu. Kama unapuliza mwenyewe nyumbani achana nayo nunua enameli ya injini, kama unataka kuitumia ipeleke kwa wapulizaji wenye chumba na barakoa za kuletewa hewa. Na kama lengo ni maonyesho, usipige injini rangi ya bodi ili ifanane na gari, wale majaji wa Africa Concours d'Elegance, hayo maonyesho ya magari pale Ngong Racecourse, wanafungua boneti na wanachungulia.

Hedi yako ni aluminiamu, iache bila rangi. Isafishe kwa brashi laini na digrisa isiyo na magadi makali, kostiki inaila aluminiamu mpaka inakuwa nyeusi. Na kama umeshafungua hedi, tafadhali sana usizungushe kranki. Silinda za 504 ni zile laina, mirija ya chuma inayochomekwa kwenye bloki na kukaa ndani ya maji, hazijashikwa na kitu juu zaidi ya hedi yenyewe, ukizungusha wakati hedi haipo pistoni zinainua laina, sili ya chini inaachia na maji yanaingia kwenye oili. Mtu anageuza ili apake rangi upande wa pili vizuri na anafungua injini upya. Zibane kwanza kwa washa kubwa na bolti ndo uendelee na usafi.

Fundi, nina Beetle, nipo Zanzibar, nataka kupaka injini nyeusi yote mpaka chini ili isile kutu. – Msomaji, Unguja

Usifanye hivyo mwanangu. Kreniki kesi ya Beetle, lile kasha linalobeba kranki, sio chuma cha kumwaga, ni magnesiamu, haishiki kutu ile nyekundu unayoiogopa, na injini ile haina maji wala rejeta, inapoa kwa upepo na oili. Inataka uso wake wazi ili itoe joto. Ukiivisha rangi nene umeivisha sweta, na mapezi ya silinda ukiyajaza rangi ndo umeziba kabisa. Chumvi ya bahari inaipata kweli, inaleta unga mweupe, dawa yake ni kuiosha kwa maji baridi yasiyo na chumvi mara kwa mara na kuifuta, na dawa za kutu za asidi usiziguse hapo maana asidi inaila magnesiamu vibaya. Nyeusi yako ipige kwenye mabati yanayoizunguka injini, yale ndo yalikuja na rangi nyeusi na ndo yanayokula kutu, yatoe yote, yasugue, yapige vizuri, na ukiyarudisha hakikisha kila bati na kila mpira wa pembeni umerudi mahali pake, watu wanaacha mabati mezani wakidhani ni urembo halafu hewa ya moto inarudi kwenye feni.

Habari za huko nyumbani. Niko Houston, nimepata Mustang yenye injini ya 289 (inchi za ujazo), aliyeniuzia anasema ni ya 1966 lakini bloki ni nyeusi na kava za juu ni rangi ya dhahabu. Nifuate nyeusi au nipige bluu? – Mtanzania, Texas

Nzuri ndugu, karibu sana kwenye ukurasa. Hapo una bahati maana Ford, watengenezaji wa Mustang, waliacha njia ya kufuata. 289 za mwaka 1965 zilikuwa bloki nyeusi na kava za dhahabu, kuanzia modeli za 1966 wakahamia bluu ya Ford, bloki pamoja na kava kwa injini za kawaida, na makopo ya bluu hiyo huko kwenu yanauzwa maduka ya spea bila shida. Kwahiyo unachokiona kinaweza kuwa injini ya mwaka nyuma iliyohamishiwa kwenye gari, au mtu aliipaka tu alivyopenda. Ingia chini upande wa kulia juu ya starter, sugua kwa brashi ya waya utakuta herufi zilizomwagwa kwenye chuma chenyewe. C ni miaka ya 60 na namba inayofuata ni mwaka, kwahiyo C5 ni 1965 na C6 ni 1966, ila hiyo ni mwaka wa kuchora kipande na kipande kilichochorwa 1965 kiliweza kuendelea kumwagwa mwaka uliofuata, hivyo tafuta na tarehe ya kumwaga iliyo karibu yake, ina namba ya mwaka, herufi ya mwezi na siku. Ikikubaliana na gari piga bluu. Isipokubaliana usipige chochote kwanza, mpigie aliyekuuzia.